Kabla ya kununua pikapu mpya ya gita, pima kwanza nafasi ya nyuzi

LAHANI ya Wimbo wa Taifa wa Kenya, uliotumika tangu uhuru mwaka wa 1963, ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa jamii ya Wapokomo, wakazi wa kingo za mto Tana. Katika nchi hiyo ya waimbaji, gita la umeme nalo lina wapenzi wake, makanisani na katika sherehe.

Hata hivyo, mpiga gita aishiye Garsen hukabiliwa na tatizo ambalo mwenzake wa Mombasa halihisi sana. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka hapo hadi Mombasa ni takriban kilomita 120 nyingine. Akinunua kipuri kisichofaa, safari ya kukirudisha huwa ni hasara ya pili.

Miongoni mwa vipuri vinavyowakosesha watu fedha kwa namna hiyo ni pikapu. Hii si ile ya magurudumu manne, bali ni kifaa kidogo kinachokaa chini ya nyuzi za gita. Ndani yake mna sumaku iliyozungukwa na waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku hiyo, umeme hafifu huzalishwa katika waya, ukapelekwa kwenye kikuza sauti.

Pikapu yenye koili moja ina kasoro: hunasa pia mngurumo wa umeme ulio karibu. Umeme wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, na jenereta, taa za mirija na nyaya zisizofungwa vyema huongeza kelele hiyo.

Dawa yake ni pikapu ya koili mbili, ambayo mafundi huiita hambaka. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson nchini Marekani, aliombea uvumbuzi huo hataza mwaka wa 1955, akaipata mwaka wa 1959. Koili hizo mbili hupangwa kinyume, hivyo mngurumo wa moja hufutwa na mngurumo wa nyingine, ilhali mlio wa nyuzi hubaki na kuongezeka nguvu.

Chanzo cha tatizo

Kila koili ya hambaka ya kawaida ina ncha sita za chuma, moja kwa kila uzi. Inatarajiwa kwamba kila uzi utapita juu ya ncha yake. Taabu ni kwamba magita hayakutengenezwa kwa kipimo kimoja.

Hambaka za mtindo wa Gibson huwa na umbali wa milimita 49 hadi 50 kutoka ncha ya kwanza hadi ya sita. Zipo pia pana, zenye umbali wa milimita 51 hadi 53, zilizokusudiwa magita ambayo daraja lake hutawanya nyuzi zaidi. Katika magita ya kale ya mtindo wa Fender, nyuzi za pembeni huachana kwa takriban milimita 56 darajani. Katika mengi ya kisasa umbali huo ni kama milimita 52 na nusu.

Jambo jingine ni kuwa nyuzi haziendi sambamba. Huanza zikiwa zimekaribiana kichwani, kwa kama milimita 35, kisha hutanuka kuelekea darajani.

Chukua mfano wa gita ambalo urefu wa uzi ni milimita 648 na upana darajani ni milimita 52 na nusu. Milimita 40 kutoka darajani, inapokaa pikapu ya nyuma, upana ni takriban milimita 51. Milimita 150 kutoka darajani, karibu na shingo, upana hushuka hadi milimita 48 na nusu.

Kwa hiyo hambaka ya milimita 49 itakaa sawasawa karibu na shingo, lakini ikiwekwa nyuma, nyuzi za pembeni zitapita nje ya ncha zake kwa milimita 1 hivi kila upande. Kwa gita la kale la milimita 56, kasoro hiyo hukaribia milimita 3.

Je, sikio litatambua?

Nguvu ya sumaku haiishii kwenye ncha; husambaa pande zote. Kwa sababu hiyo, kosa la milimita 1 huonekana kwa macho zaidi ya kusikika. Kosa kubwa zaidi ndilo linaloweza kuufanya uzi wa kwanza au wa sita usikike hafifu kuliko wenzake.

Kabla ya kuilaumu pikapu, yafaa kuchunguza mambo yasiyo na gharama kubwa. Nyuzi zilizoshika kutu kwa unyevu wa pwani hupoteza mlio. Pikapu iliyoinama upande mmoja huweza kusawazishwa kwa bisibisi. Aidha, shingo iliyosogea huzipeleka nyuzi zote upande mmoja, na hapo pikapu mpya haitasaidia kitu.

Iwapo bado kuna haja ya kununua, rula ya milimita yatosha. Pima kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, juu ya mahali pikapu itakapokaa, wala si darajani. Kipimo kikiwa milimita 50 au chini yake, hambaka ya kawaida inafaa. Kikifika 51 na kuendelea, tafuta iliyo pana.

Anayeshindwa kuamua anaweza kuchagua hambaka yenye ubapa mmoja wa chuma kwa kila koili badala ya ncha sita. Ubapa huo hupita chini ya nyuzi zote, na suala la nafasi hupungua sana.

Pima pia urefu, upana na kina cha tundu lililopo mwilini mwa gita, uandike vipimo vyote katika karatasi ya kumwonyesha muuzaji. Karatasi hiyo yaweza kumwokolea mnunuzi wa Garsen nauli ya safari ya pili.