Mgeni wa Miezi Minane

Mwanafunzi kutoka nchi nyingine akifika parokiani, tunampigia makofi Dominika ya kwanza, tunampa chai, kisha tunaamini ameshazoea. Mwaka 1955, Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norwei, alichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na Wanorwei 200 waliorudi kutoka Marekani, walikokwenda kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa wamezoea kwa shida kuliko hata waliokaa muda mfupi zaidi. Waliozidi miezi 18 walikuwa na nafuu.

Kwa nini? Mwanzoni salamu na tabasamu humtosha mgeni. Baadaye anahitaji rafiki wa kumfungulia moyo, na huyo hapatikani kwa kupeana mikono baada ya Misa. Lugha ya darasani anaijua. Ya utani bado. Basi anajifungia chumbani, nasi tunasema ana maringo.

Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si wote hupita njia hiyo. Wengine huumia tangu wiki ya kwanza. Lakini yule aliyefika jumuiyani kwetu miezi minane iliyopita, nani alimtembelea mara ya mwisho, na lini?