Mkomwe: Kichaka cha Miiba na Makazi Yake Mwambaoni

Makala haya yanaeleza mmea wa mkomwe (Caesalpinia bonduc) na mahali unapoota, kwa kuwa wapo wachezaji wa bao wanaozifahamu komwe kiganjani bila kuwahi kuuona mmea wenyewe. Komwe inayokusudiwa hapa ni mbegu, si paji la uso lililochomoza kama lisemwavyo mitaani.

Mkomwe ni kichaka kitambaacho. Matawi yake hurefuka mita kadhaa, yakiegemea na kuparamia mimea jirani. Miiba imeenea kwenye shina, chini ya uti wa jani, hata juu ya ganda la tunda. Ile ya majani imepinda kwa nyuma mithili ya ndoana. Anayejivuta kwa nguvu huzidi kunaswa, hana budi kurudi hatua moja na kuichomoa mmoja mmoja. Maua ni ya manjano. Ganda aghalabu huwa na mbegu moja au mbili, za kijivu, ngumu, zing'aazo, zenye upana wa sentimita 2 hivi.

Makazi yake ya asili ni ukingo wa pwani, juu kidogo ya mahali maji kujaa yanapofikia, na vichaka vilivyoota juu ya miamba ya matumbawe. Sababu imo katika mbegu. Ndani mna nafasi yenye hewa, na gamba halipitishi maji. Hivyo huelea baharini muda mrefu bila kuoza, kisha mawimbi huitupa ufuoni. Ndiyo maana mkomwe ni mmea wa asili katika pwani za tropiki za Afrika, Asia na Amerika, wala si wa Uswahilini pekee.

Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kwa hesabu ya mbegu mbili kwa ganda, bao moja lahitaji maganda 32, yote ya kuchumwa miibani.

Kwa maoni ya mwandishi, fasili inayoishia kusema kuwa mkomwe ni mmea uzaao komwe haitoshi, kwani huacha miiba na ufuo, yaani mambo yanayouangamiza. Ukingo huo ndio unaofyekwa kwanza kiwanja cha ufuoni kinapoandaliwa, na kichaka kisichotoa kivuli cha kukalia hakina mtetezi. Bao litachezwa hata kwa kokoto. Anayetaka kuurejesha mkomwe na aokote komwe ufuoni, azikwaruze gamba ili maji yapenye, kisha azipande nyuma ya mstari wa maji kujaa. Zisipokwaruzwa, huweza kukaa ardhini muda mrefu bila kuchipua.