Mama Zao Walikuwa Hai

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Nyanza-Lac hufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika, ikapita Rumonge yenye mashamba ya michikichi, kisha ikafika Kigwena penye msitu wa hifadhi. Katika mwambao huo, mtu akiulizwa asili yake huenda akahitaji muda wa kujibu. Biashara ya ziwani iliwakutanisha Warundi, Wabembe, Wamanyema, watu wa Kigoma na Waarabu waliotokea Ujiji, wakaoana na kuzaa. Watoto wao wakaitwa Waswahili, wakalelewa kwa bibi pamoja na binamu zao. Masimango hayakosekani, hasa siku ya kuposa ama ya kugawa urithi. Lakini mama wa mtoto hujulikana, na mjomba wake hujulikana.

Serikali ya Ubelgiji, iliyoishika nchi hiyo tangu 1916 hadi uhuru wa tarehe 1 Julai, 1962, iliwatazama machotara kwa jicho jingine. Mtoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika alihesabiwa kuwa hatari kwa heshima ya utawala, kwani sura yake ilifuta mpaka uliowekwa kati ya mtawala na mtawaliwa. Akina baba wengi hawakuwakubali watoto hao kisheria. Basi wakaondolewa kwa mama zao, wakapelekwa misheni.

Kwa Rwanda na Burundi, kituo mashuhuri kilikuwa Save, kusini mwa Rwanda, chini ya Masista Weupe. Kati ya 1959 na 1962, takriban watoto 300 walisafirishwa kwenda Ubelgiji na kukabidhiwa walezi. Wapo waliobadilishwa majina na hata tarehe za kuzaliwa. Ndugu wa tumbo moja wakatawanywa. Walihesabiwa kama watoto waliotelekezwa, hali mama zao walikuwa hai, wakilima mashamba yao.

Huko Kasai, nchini Kongo, wasichana watano walichukuliwa kabla ya kutimiza miaka saba na kuwekwa katika misheni ya Katende, jamaa zao wakiwa wametishwa na watumishi wa serikali. Uhuru ulipokuja na vurugu zake, masista wakaondoka, wasichana wakaachwa. Hao ni Monique Bitu Bingi, Léa Tavares Mujinga, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Tarehe 4 Aprili, 2019, Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni kwa niaba ya Ubelgiji. Bibi hawa hawakuridhika na maneno matupu, wakaenda mahakamani. Mwaka 2021 walishindwa. Tarehe 2 Desemba, 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikaamua kwamba kuchukuliwa kwao kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000.

Fedha ni jambo moja, karatasi ni jingine. Chotara asiye na cheti cha kuzaliwa alipata taabu ya uraia, ya ndoa na ya kumjua baba yake; ndiyo maana wengi waliomba kwanza kufunguliwa majalada.

Wapo waliorejea Rwanda na Burundi wakiwa watu wazima kuwatafuta mama zao. Wengine walikuta kaburi. Wengine walimkuta mama mwenyewe, wakakumbatiana, kisha wakamtafuta mkalimani, kwa kuwa lugha ya utotoni walikuwa wamekwisha kuipoteza.