Umbo la Gauni Limo katika Mkato

Harusi zinapokaribia, tunasikia mengi majumbani. Lililotuhuzunisha zaidi ni la binti aliyejinyima chakula siku nyingi ili aingie katika gauni la kukodi. Gauni ndilo likatwe kumfuata mwari, si mwari kulifuata gauni.

Wako wanaodhani vazi la stara halina umbo. Na watazame gauni alilolivaa Grace Kelly alipoolewa Monaco mwaka 1956, ambalo sasa limo katika makumbusho ya sanaa ya Philadelphia, Marekani. Mbunifu wake, Helen Rose, alilipa kola ndefu na mikono mirefu ya lesi. Kifua na mabega vilisitiriwa. Umbo lilitokana na mkato: sehemu ya juu ilifuata vipimo vyake, mshipi mpana wa hariri ulikaa kiunoni, na sketi ikafunguka kama kengele. Upana huo wa chini ndio unaofanya kiuno kionekane chembamba.

Mafundi wa Paris hukata kwanza gauni la majaribio kwa kitambaa cha bei ndogo. Marikani yetu yatosha kwa kazi hiyo. Bibi harusi alijaribu akiwa na viatu vya siku yenyewe. Akiwa mfupi, mishono ya wima itamrefusha. Na fundi aache akiba ya kitambaa ubavuni, kwani mashangazi hawaachi kumlisha mwari.