Mwendesha mchezo

Mwendesha mchezo ni mtu anayeongoza mchezo wa uhusika wa mezani, yaani mchezo ambao watu wachache huketi pamoja na kubuni hadithi kwa mazungumzo, huku wakifuata kanuni na kurusha dadu. Wengine walioketi mezani huitwa wachezaji. Wote hushiriki hadithi moja, lakini kazi, ujuzi na madaraka yao hutofautiana sana.

Asili

Nafasi hii ilitokana na michezo ya kivita. Mwaka 1824 Georg von Reisswitz, afisa wa jeshi la Prussia, alitoa kanuni za Kriegsspiel, mchezo wa kuwafundisha maafisa mbinu za vita. Mwamuzi alipokea amri za pande mbili, akaamua matokeo, na kuuonyesha kila upande yale tu ambayo askari wake wangeweza kuyaona.

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa kwa umma. Humo mwamuzi alikuwa pia msimulizi. Jina lake hubadilika kwa kila mchezo: katika Dungeons & Dragons huitwa Dungeon Master, na katika Call of Cthulhu (1981) huitwa Keeper.

Kazi ya mchezaji

Kwa kawaida mchezaji ana mhusika mmoja, kwa mfano askari, mwizi au mchawi. Huandika uwezo wa mhusika huyo kwenye karatasi, kisha husema anachojaribu kufanya. Hujua tu yale ambayo mhusika anayaona na kuyasikia. Anaruhusiwa kumpendelea mhusika wake na kumtakia ushindi.

Kazi ya mwendesha mchezo

Mwendesha mchezo anashika ulimwengu wote uliobaki: miji, hali ya hewa, wenyeji na maadui. Huandaa mengi kabla ya siku ya kucheza, na hutunza siri ambazo wachezaji hawajazigundua.

Tuseme mchezaji anataka mhusika wake avunje mlango. Mwendesha mchezo anajua kwamba nyuma yake kuna walinzi wawili. Katika Dungeons & Dragons, tangu toleo la mwaka 2000, yeye hupanga kiwango cha ugumu, tuseme 15. Mchezaji hurusha dadu lenye pande 20 na kuongeza alama za nguvu za mhusika. Jumla ikifika 15, mlango unavunjika. Isipofika, mwendesha mchezo huamua kama walinzi wamesikia kishindo. Hivyo mchezaji ameamua jambo moja, naye mwenzake ameamua ugumu, siri na matokeo.

Mizani ya madaraka

Mwendesha mchezo ni kama refa ambaye pia anachezea timu pinzani. Akitaka anaweza kuleta maadui mia moja, kwa hiyo kuwashinda wachezaji si ushindi. Akiwapendelea mno, hatari inatoweka. Akipanga hadithi nzima mapema, wachezaji wanabaki kuwa wasikilizaji. Kazi yake ni kuweka vikwazo vya haki, kisha kukubali matokeo hata yakiharibu mpango wake.

Jambo hili huleta ubishi. Baadhi ya waendesha mchezo hurusha dadu nyuma ya kizuizi cha karatasi ngumu, na wengine hubadilisha matokeo kimyakimya ili mhusika asife. Wanaopinga husema kuwa hilo huondoa maana ya uamuzi wa mchezaji, nao hurusha dadu mbele ya wote.

Baadhi ya michezo imegawa madaraka upya. Katika Apocalypse World (2010) dadu hurushwa na wachezaji peke yao. Fiasco (2009) hauna mwendesha mchezo kabisa. Washiriki wote hubuni matukio kwa zamu. Katika michezo kama huo, kazi ya kutunza haki huwa ya kila aliyeketi mezani.