Jinsi Makaa Yapenyavyo Ndani ya Chuma

Wasomaji wetu wajua kwamba sukari ikitiwa katika chai bila kukorogwa, baada ya muda mrefu utamu huenea wenyewe. Jambo kama hilo hutokea hata ndani ya chuma, na ukali wa jembe na panga hutegemea hilo.

Chuma kitupu ni laini. Kikichanganyika na kaboni, ambayo ndiyo asili ya makaa, hata sehemu moja tu katika mia, huwa pua. Nayo ikipashwa moto hata iwe nyekundu, kisha ikazamishwa majini ghafula, huwa ngumu sana.

Ili kuutia ugumu huo, mafundi hukipanga chuma laini sandukuni pamoja na makaa ya miti yaliyopondwa, huziba kwa udongo hewa isiingie, kisha hupasha moto kupita digrii 900. Kwa joto hilo chembe za kaboni, zilizo ndogo kuliko za chuma, hupenya katikati yake, zikihama toka penye nyingi kwenda penye chache. Kanuni ya mwendo huo iliandikwa na Mjerumani Adolf Fick mwaka 1855. Na mwaka 1896 Mwingereza William Roberts-Austen alionyesha kwa vipimo kwamba dhahabu hupenya ndani ya risasi ingali ngumu.

Kazi hii haitaki haraka. Ikiwa kaboni imezama kiasi fulani kwa saa 2, kuzama mara mbili ya hapo huhitaji saa 8, wala si 4.

Lakini mlango wa kuingilia ndio wa kutokea. Wako watu ambao mpini ukivunjika hulitupa jembe motoni ili kichomeke kipande cha mti kilichosalia. Hasara yake ni mbili. Kwanza, joto huondoa ugumu, hata kabla chuma hakijawa chekundu. Pili, kikikaa chekundu hewani muda mrefu, kaboni ya juu hutoka na kupotea. Ugumu wa kwanza mhunzi aweza kuurudisha kwa moto na maji. Kaboni iliyotoka hairudishwi na maji.

Basi yafaa kukitoa kipande hicho kwa patasi na nyundo. Na mhunzi akifufua makali, akifunike chuma vema kwa makaa, wala asikiache mbele ya upepo wa mivukuto kupita haja.