Sugu, Usugu na Bawabu wa Seli

Neno usugu, litumiwalo kwa maradhi yasiyotii dawa, latokana na sugu, yaani ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa mara nyingi. Kwa habari za seli, mfano huo watosha nusu tu.

Mwaka 1976, huko Toronto, Kanada, Juliano na Ling walieleza protini kubwa iliyomo katika utando wa seli za hamsta zilizostahimili dawa ya kolkisini. Wakaiita P-glikoprotini. Protini hiyo si ya ugonjwa peke yake: imo katika utumbo, ini, figo na mishipa midogo ya ubongo, nayo hutumia nguvu ya ATP kuikamata sumu ipenyayo utandoni na kuitupa nje. Kuiita mchukuzi kwapotosha, maana mchukuzi hufikisha mzigo uendako. Huyu ni bawabu afukuzaye.

Seli nzima humwongeza bawabu kwa haja. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ikiingia katika seli za utumbo hushikana na protini iitwayo PXR, nayo PXR huiamsha jeni ya ABCB1, ambayo ndiyo asili ya bawabu. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa moyo anywaye digoksini pamoja na rifampisini huweza kupungukiwa na digoksini damuni, hali kipimo amemezacho ni kile kile. Rifampisini ikiachwa, baada ya muda mabawabu hupungua. Hii ndiyo sugu hasa: msuguo ukikoma, ngozi hulainika.

Katika saratani mambo huwa mengine. Saratani ya figo au ya utumbo mpana mara nyingi hurithi mabawabu ya mahali ilipozaliwa, ikawa yakataa dawa hata kabla ya kuionja. Penginepo jeni ya ABCB1 hurudufika, au hupoteza alama za methili zilizoifunga, na seli zizaliwazo huchukua urithi huo. Hapo doksorubisini haikuzikomaza seli hizo. Iliua jirani zake, zikabaki hizo kuijaza nafasi. Neno usugu lauficha uteuzi huu, na mwanafunzi alisomaye hudhani kila seli imejifunza.

Kumzuia bawabu kumejaribiwa. Verapamili ilifaulu katika seli za maabara mwaka 1981. Lakini valspoda, iliyojaribiwa baadaye kwa wagonjwa, ilichelewesha pia utokaji wa dawa za saratani mwilini, hata madaktari wakalazimika kupunguza vipimo vyake.